Jinsi ya Kuhudhuria Smithsonian Folklife Festival: Mwongozo Kamili wa Tamasha la Mila na Muziki Jijini Washington

Majira ya joto yanapopamba moto nchini Marekani, mahema huchomoza kwenye nyasi za National Mall, uwanja mrefu ulio katikati ya jiji la Washington, baina ya jengo la Bunge na mnara wa kumbukumbu ya George Washington. Chini ya hema moja fundi anachonga. Chini ya jingine mfumaji yuko kwenye kitanda chake cha mfumi, na hatua chache mbele yake kundi la ngoma linakaza ala zake. Hakuna lango la kulipia wala tiketi. Unatoka barabarani, unaingia.

Wepesi huo ndio huwaponza wageni wengi. Kwa kuwa kuingia ni bure na milango haipo, watu hupita kama wanaokatiza sokoni: wanapiga picha tatu, wanasikiliza nusu wimbo, wanaondoka. Hili si tamasha la kutazama ukiwa mbali. Limepangwa ili uketi na mwenye ujuzi, umuulize, umsikilize, na akikuruhusu, ushike kifaa chake. Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga kukufikisha kwenye mazungumzo hayo ukiwa na nguvu za kutosha kuyafaidi.

Kwanza, ujue unakwenda wapi

Tamasha lilianza Julai 1967. Wakati huo mkuu wa Taasisi ya Smithsonian, yenye makumbusho yanayopakana na uwanja huo na ndiyo inayoandaa tamasha hili, alikuwa S. Dillon Ripley, naye alitaka ala za muziki zilizofungiwa kwenye makabati ya kioo zitolewe na ziachwe ziimbe. Ralph Rinzler, mpiga mandolini aliyezunguka vijijini akitafuta wanamuziki ambao redio haikuwajali, ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta washiriki. Mwaka huo wa kwanza walikuja mafundi 58 na makundi 32 ya muziki na ngoma kutoka sehemu mbalimbali za Marekani. Mwaka 1976, nchi ilipotimiza miaka 200, tamasha liliendelea kwa majuma 12. Jina la sasa limetumika tangu 1998.

Wageni kutoka ng'ambo wamekuwa wakialikwa kwa miaka mingi. Mali ilikuja 2003, Bhutan 2008, Armenia na Catalonia 2018. Kwa msomaji wa Kiswahili mwaka wa kukumbuka ni 2014, Kenya ilipokuwa mgeni wa heshima sambamba na China. Wachonga mawe ya sabuni wa Kisii walifanya kazi yao pale pale uwanjani, mbele ya majumba ya makumbusho ya taifa jingine. Ninalitaja hili kwa sababu linaonyesha msimamo wa waandaaji: fundi wa kijijini anapewa heshima ile ile anayopewa profesa, na yeye mwenyewe ndiye anayeieleza kazi yake.

Hatua ya 1: Tafuta mada na tarehe za mwaka unaokwenda

Mada hubadilika kila mwaka, kwa hiyo sifa ulizosikia kwa aliyekwenda zamani hazitakuambia utakachokuta. Mwaka 2024 tamasha lilihusu wenyeji wa asili wa mabara ya Amerika. Mwaka 2025 lilihusu vijana na mustakabali wa utamaduni. Tarehe nazo husogea. Kwa kawaida huangukia kati ya wiki za mwisho za Juni na wiki ya kwanza ya Julai, karibu na sikukuu ya uhuru ya Julai 4, lakini idadi ya siku si ile ile. Mwaka 2023 lilikuwa na vipindi viwili vyenye siku ya mapumziko katikati, ilhali 2024 na 2025 lilidumu siku sita tu. Usinunue tiketi ya ndege kabla tarehe hazijatangazwa kwenye tovuti ya tamasha.

Ratiba ya kina, yenye majina ya washiriki, huja baadaye. Isome kwa utulivu nyumbani. Majina mengi yatakuwa mageni kwako, na hilo lisikukatishe tamaa. Chagua watu wawili watatu ambao kazi zao zimekugusa, utafute maelezo yao na usikilize muziki wao kabla ya kusafiri. Ukifika ukiwa unajua japo kidogo kuhusu mtu, swali lako la kwanza kwake litakuwa na uzito.

Hatua ya 2: Safari, malazi na njia za kufika uwanjani

Msafiri wa kutoka Afrika Mashariki huhitaji viza ya utalii, ile ya daraja la B-2. Foleni ya miadi kwenye balozi za Marekani inaweza kuchukua miezi, na masharti hubadilika, kwa hiyo anza mapema na ufuate maelezo ya ubalozi wa nchi yako badala ya maneno ya mawakala wa mitaani.

Ukitua uwanja wa ndege wa Dulles, treni za Metro, yaani reli ya jiji, za njia yenye rangi ya fedha (Silver Line) hukupeleka hadi mjini. Reli hiyo ilifika uwanjani hapo Novemba 2022. Uwanja wa Ronald Reagan uko karibu zaidi, nao una kituo chake cha Metro. Kwa malazi, ushauri wangu ni usihangaike kutafuta hoteli inayopakana na National Mall. Tafuta chumba kilicho jirani na kituo chochote cha Metro, hata kama ni upande wa Virginia au Maryland, kisha fedha utakayookoa uongeze siku moja ya kukaa. Siku moja zaidi ina faida kuliko dirisha linaloangalia mnara.

Kituo cha karibu kabisa ni kile kiitwacho Smithsonian, kwenye njia za rangi ya buluu, chungwa na fedha. Kina mlango unaotokea kwenye nyasi zenyewe. Kikifurika, shuka L'Enfant Plaza au Archives utembee dakika chache. Usiende na gari: maegesho ni machache, na barabara nyingine hufungwa.

Hatua ya 3: Panga siku yako kwa kuacha nafasi

Shughuli za mchana kwa kawaida huanza saa 5 asubuhi na kufungwa saa 11 na nusu jioni, kisha hufuata maonyesho ya muziki ya jioni. Kuna majukwaa ya muziki, mahema ya mafundi, jiko la kuonyesha mapishi, na jukwaa la mazungumzo ambapo washiriki hukaa kama barazani na kueleza maisha yao. Mambo haya huendelea kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuona kila kitu haiwezekani hata ukikimbia.

Mpango ninaoupendelea ni huu. Asubuhi, uwanja unapofunguliwa, nenda moja kwa moja kwa mafundi. Umati bado haujafika, na wao wenyewe hawajachoka kujibu swali lile lile. Mchana wa jua kali, ingia kwenye jukwaa la mazungumzo lenye kivuli, au toka kabisa uingie kwenye jumba la makumbusho. Alasiri rudi kwenye muziki. Jioni baki kwa onyesho kubwa. Kwa siku nzima weka miadi mitatu tu ya lazima, na muda uliobaki uache wazi, maana mafundi hawafuati saa. Huenda ukamkuta mmoja amefikia hatua ya kazi inayotokea mara moja kwa siku, kama vile kutoa chombo motoni au kufunga nyuzi za mwisho, na ratiba yako ikibana utaondoka dakika tano kabla.

Ukiweza, njoo siku mbili. Siku ya kwanza unajifunza mahali na sura za watu. Siku ya pili fundi anakukumbuka, na hapo mazungumzo hugeuka kabisa.

Hatua ya 4: Mavazi na mkoba

Washington mwanzoni mwa Julai hufika nyuzi joto 31 au 32 mchana, na unyevu hewani ni mwingi. Anayetoka Mombasa, Tanga au Dar es Salaam ataujua mara moja. Anayetoka Arusha au Eldoret ataelemewa. Vaa pamba nyepesi yenye mikono mirefu, kofia ya ukingo mpana, na viatu vya kufunika vidole, kwa kuwa njia nyingi za uwanja ni za kokoto na utatembea kutwa.

Mkoba uwe mdogo, kwani hukaguliwa kwenye milango ya makumbusho. Weka chupa ya maji ya kujaza tena, krimu ya kukinga jua, koti jepesi la mvua, pawabenki, daftari na kalamu, vizibo vya masikio, na leso au khanga. Khanga ni mkeka wakati wa onyesho la jioni, kivuli cha mtoto mchana, na shuka ndani ya jumba lenye kiyoyozi kikali. Krimu ipake robo saa kabla ya kutoka, kisha urudie kila baada ya saa mbili. Ngozi nyeusi huchelewa kuungua lakini haina kinga kamili.

Droni iache nyumbani. Anga la Washington ni miongoni mwa yanayolindwa vikali zaidi Marekani, na kuirusha hapo ni kosa la kisheria.

Hatua ya 5: Kaa na fundi

Hiki ndicho kiini cha safari, na ndipo wengi wanapokosea kwa aibu au kwa haraka.

Usianze na kamera. Simama pembeni, angalia mikono yake kwa dakika chache, uone anachofanya na anakirudiaje. Fundi huhisi macho yanayofuatilia kazi, na mara nyingi ndiye atakayeinua kichwa akusalimu. Mwitikie, jitambulishe jina na unakotoka, kisha uliza jambo uliloliona: kwa nini umelowesha uzi kwanza? Kwa nini kisu umekishika kwa kuelekeza kwako? Swali linalotokana na mikono yake humfungua kuliko “kazi hii ina maana gani katika utamaduni wenu?”, ambalo ameshaulizwa tangu asubuhi na jibu lake amelikariri.

Maswali mengine yanayozaa mazungumzo ni haya. Nani alikufundisha, na alikukataza nini? Mwanafunzi hukosea wapi zaidi? Malighafi hii inapatikana bado, au mmelazimika kutumia nyingine? Nani nyumbani kwenu anaijua kazi hii baada yako? Hilo la mwisho liulize kwa upole. Kuna mafundi ambao jibu lao ni “hakuna,” na akisema hivyo usikimbilie kumfariji wala kubadili mada. Nyamaza, mwache amalize.

Mafundi wengi waliotoka ng'ambo huwa na wakalimani karibu. Unapotumia mkalimani, mtazame fundi, si mkalimani, na toa sentensi fupi. Kuna pia wakalimani wa lugha ya alama ya Kimarekani kwa baadhi ya vipindi. Waulize kwenye hema la taarifa.

Nawe uwe tayari kueleza ya kwenu. Ukimwambia mfumaji wa ukili au wa nyuzi kwamba kwenu mikeka na makawa husukwa kwa miyaa, huenda akaacha kazi yake akuulize mnaikausha vipi. Hapo si mtalii tena. Waandaaji wamewahi kuwaweka bega kwa bega watu wa mabara tofauti wenye ufundi wa aina moja, na baadhi ya saa nzuri kabisa za tamasha hili ni zile ambazo mafundi wawili wasiojua lugha moja wanabadilishana zana.

Picha omba mwishoni, baada ya mazungumzo. Kwa vitu vya ibada uliza hata kama wengine wote wanapiga. Akikataa, mshukuru uweke simu mfukoni. Daftarini andika jina lake kamili jinsi anavyoliandika mwenyewe, mahali anapotoka, na jambo moja alilokufundisha. Fanya hivyo kabla hujaondoka kwenye hema, maana baada ya mahema matatu kila kitu huchanganyika.

Hatua ya 6: Muziki na ngoma

Onyesho la mchana huwa fupi na la karibu. Kaa mbele pembeni, si katikati, ili uone vidole vya wapigaji na usimzibe aliye nyuma. Kundi lile lile hupanda jukwaani zaidi ya mara moja, na si lazima lipige nyimbo zile zile. Kama limekuvutia, rudi. Mara ya pili utasikia ala uliyoikosa mara ya kwanza.

Vipindi vya mafunzo usivikose. Hapo mwanamuziki huifungua ngoma yake vipande vipande: mdundo huu unashikiliwa na nani, huyu anaingia lini, mguu unaanza upi. Ukialikwa kucheza, inuka. Hakuna anayekupima, na mwili hukumbuka mdundo kwa namna ambayo rekodi ya simu haiwezi. Lakini usiingie uwanjani bila kualikwa. Baadhi ya ngoma zina wenyewe, zina jinsia, zina rika, na mchezaji anayejitupa ndani kwa furaha anaweza kuvuruga jambo lenye heshima yake.

Vizibo vya masikio vitumie karibu na spika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sauti kwenye maonyesho isizidi wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15, na aliyekaa mbele ya spika kwa saa nzima anapokea mzigo mkubwa. Watoto huhitaji kinga zaidi. Wavalishe vifuniko vya masikio.

Hatua ya 7: Joto na radi

Kunywa maji kidogo kidogo kabla kiu haijakukamata, na ukitokwa jasho sana ule kitu chenye chumvi. Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na jasho jingi ni dalili za kuchoshwa na joto: ingia kivulini, legeza nguo, jimwagie maji shingoni, kunywa. Mtu akianza kuongea yasiyoeleweka, akazimia, au mwili ukawa wa moto kupita kiasi, hiyo ni dharura ya kuua. Piga 911, au mwite mhudumu wa tamasha, na mpoze kwa maji mengi huku mkisubiri.

Bahati ni kwamba makumbusho ya Smithsonian yanapakana na uwanja pande zote mbili. Jumba la historia ya viumbe na lile la historia ya Marekani yako upande wa kaskazini, la sanaa za Afrika upande wa kusini. Kuingia ni bure, yana vyoo safi na maji ya kunywa, na kwa kawaida hufunguliwa saa 4 asubuhi hadi saa 11 na nusu jioni. Saa moja humo mchana itakuongezea saa tatu za jioni.

Tishio jingine ni mvua za radi za alasiri, ambazo hujikusanya haraka. Ukisikia ngurumo, radi iko karibu kiasi cha kukufikia. Usijifiche chini ya mti wala ndani ya hema, kwa kuwa nguzo za chuma na turubai hazikukingi. Ingia kwenye jengo kamili au kituo cha Metro, na usirudi uwanjani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Tamasha huweza kusimamishwa kwa saa nzima. Wafuate wahudumu wanapowaondoa watu, hata kama wimbo haujaisha.

Hatua ya 8: Ukiwa na watoto

Mpige mtoto picha asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo, na namba yako ya simu muandikie mkononi kwa kalamu isiyofutika. Kubalianeni mahali pa kukutania ambapo hapahamishiki, kama mlango wa jumba fulani, si hema, kwani mahema yanafanana. Mwoneshe pia wahudumu wa tamasha ili ajue nani wa kumwendea. Wengi hudhani watoto watachoshwa na mafundi, lakini mtoto aliyepewa udongo au uzi akaambiwa ajaribu huwa ndiye wa mwisho kutaka kuondoka.

Hatua ya 9: Kula na kununua

Vyakula huuzwa uwanjani, na mara nyingi huendana na mada ya mwaka. Nenda kabla ya saa 6 mchana au baada ya saa 8, la sivyo foleni itakula onyesho zima. Kwenye jiko la maonyesho utaona upishi wote, lakini kwa sababu ya kanuni za afya usitarajie kuonjeshwa.

Kwenye duka la tamasha, bei za kazi za mikono zinaweza kukushtua. Kabla hujasema ni ghali, rudi kwa fundi umuulize kazi ile humchukua siku ngapi. Bei iliyobandikwa pale si ya kujadiliana. Ukitaka kitu kimoja cha maana, nunua siku za mwanzo, kwa kuwa vilivyo bora havirudiwi. Kwa vitu vya mbao mbichi, ngozi, manyoya, mbegu au pembe, angalia kwanza kama forodha ya nchi yako inaviruhusu.

Hatua ya 10: Jioni, na hasa Julai 4

Kwa wakati huo wa mwaka jua la Washington huzama karibu saa 2 na dakika 37 usiku, jambo linalowashangaza waliozoea giza la saa 1. Onyesho la jioni basi huanza kweupe. Tandika khanga yako nyasini mapema, umbali wa wastani kutoka jukwaani, na ujue njia utakayotokea. Umati ukianza kukubana kiasi kwamba mikono haigeuki, sogea pembeni mara moja, kimshazari, bila kusukumana.

Siku zikiangukia Julai 4, tarajia mambo tofauti kabisa: uzio, ukaguzi wa mikoba, barabara zilizofungwa, na umati mkubwa unaokuja kuona fataki. Kama shabaha yako ni mafundi, tumia siku nyingine kwa ajili yao. Ukibaki kwa fataki, usikimbilie kituo cha karibu zinapoisha. Tembea vituo viwili mbele, au keti nusu saa mpaka msongamano upungue.

Baada ya kurudi

Soma daftari lako ndani ya wiki hiyo hiyo, majina yangali hai kichwani. Mazungumzo na maonyesho mengi hurekodiwa, na baadhi huwekwa kwenye tovuti ya tamasha, kwa hiyo tafuta kundi lililokuvutia kwa jina uliloandika. Taasisi hiyo pia inamiliki Smithsonian Folkways, lebo ya muziki iliyotokana na mkusanyiko wa mtayarishaji wa rekodi Moses Asch, ulioingia mikononi mwa taasisi hiyo 1987, yenye rekodi za muziki wa asili kutoka duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo. Maelezo yanayoambatana na albamu zake huweza kupakuliwa bila malipo. Na kama fundi alikupa anwani yake, mtumie ile picha uliyompiga.